Simu Imesema Mama Ataanguka

Mwezi uliopita niliandika juu ya magoti, nikajiandaa kupokea barua za magoti. Zilizojaa ni za saa: saa ambazo watoto wanawanunulia wazazi wao, zinazotetemeka, zinazopiga simu zenyewe, zinazogombanisha ndugu. Kwa wasionijua, kazi yangu ni mazoezi tiba, hapa Tanga, na wagonjwa wangu wengi wamepita miaka sitini. Mimi si fundi wa saa. Ila mtu akishaanguka huletwa kwangu, kwa hiyo saa hizi nazo zimekuwa kazi yangu nitake nisitake.

Shikamoo dada mtaalamu. Mimi niko Maskati, mama na dada yangu wako Tanga. Mwaka jana nilimpelekea mama iPhone, tukaunganisha taarifa za afya ili nami nizione huku. Wiki iliyopita nikapata ujumbe kwamba uthabiti wake wa kutembea uko chini. Nikampigia dada, naye akaenda moja kwa moja akamwambia, "Simu imesema utaanguka." Tangu siku hiyo mama hatoki. Hata maulidi ya jirani hakwenda, na yeye huwa wa kwanza kufika. Amekaa kitandani, anasema asije akavunjika nyonga bure. Je, tungemficha? Na ni kweli ataanguka?
*Mtoto wa mwisho, Maskati*

Marahaba, mdogo wangu. Kumficha, hapana. Miguu ni ya mama, na habari za miguu yake ni zake kabla hazijawa zako. Tazama safari ya ujumbe wenu: umetoka kwa mama Tanga, ukaruka mpaka Maskati, ukarudi Tanga kwa dada yako, ndipo ukamfikia mwenyewe. Njiani umebadilika ukawa hukumu.

Simu haikusema ataanguka. Kipimo hicho Apple walikileta mwaka 2021, na kinakaa ndani ya simu yenyewe. Humo ndani mna vihisio vinavyojua simu inakwenda upande gani na inageuka vipi. Mtu akitembea mahali tambarare, vinakadiria kasi yake, urefu wa hatua, muda ambao nyayo zote mbili ziko chini kwa pamoja, na kama mguu wa kulia na wa kushoto inapokezana sawa. Mtu anayeanza kupungukiwa uimara hupunguza mwendo, hufupisha hatua, na huchelewa kidogo kuunyanyua mguu wa nyuma. Mara nyingi mwenyewe hana habari, mwili unajihami kimyakimya. Simu hukusanya hayo siku baada ya siku, kisha humweka mtu katika daraja moja kati ya matatu: sawa, chini, au chini sana. "Chini" maana yake uwezekano wake wa kuanguka katika miezi 12 ijayo ni mkubwa kuliko wa aliye daraja la "sawa". Mtu anaweza kuwa katika daraja hilo na mwaka ukapita hajagusa sakafu.

Kisha nikuulize: mama anaiweka wapi simu? Kipimo hiki kinataka simu ikae karibu na kiuno, mfukoni au kwenye kimkoba kilichofungwa kiunoni. Kina mama wa Tanga nawajua. Dera halina mfuko. Simu iko kwenye pochi inayoning'inia mkononi, au imefungwa kwenye pindo la kanga, au iko kifuani pamoja na noti za sokoni. Na urefu wa mama uliandika ngapi? Simu inautumia urefu huo kukadiria hatua. Kama ulibahatisha ukiwa huko Maskati, dada yako ampime kwa futi ya fundi cherehani mrekebishe.

Sisemi kwamba ujumbe ni wa kupuuzwa. Ni sababu nzuri ya mama kuangaliwa: miguu, macho, presha, na dawa anazomeza. Ila kitandani asikae. Misuli ya mapaja ya mtu mzima ikikosa kazi hunywea upesi sana, na mapaja hayo ndiyo yanayomshika mtu anapojikwaa. Mkimwacha hivyo mwezi mzima, mtaufanya ujumbe uwe kweli kwa mikono yenu.

Kuna utafiti wa Sydney, Australia, uliochapishwa mwaka 2010, ambao huwa nausimulia sana. Waliwafuata wazee 500 wa miaka 70 hadi 90, wakapima hatari iliyomo mwilini, halafu wakapima hatari ambayo mzee mwenyewe anaiona. Kwa karibu theluthi moja ya wazee hao, vipimo hivyo viwili havikukubaliana. Wapo waliokuwa na mwili imara na woga tele. Wapo waliokuwa na mwili dhaifu lakini wala hawana wasiwasi. Ungetarajia hawa wa pili ndio waliopata taabu zaidi, kumbe ule uchangamfu, kutoka kwao nje na kushiriki mambo ya watu, uliwakinga kwa kiasi. Mama yako alikuwa mtu wa maulidi. Mmemtoa kundi la wachangamfu mkamtia kundi la waoga kwa sentensi moja.

Mrudieni hivi. Dada yako amfuate wakati ametulia, baada ya alasiri, wakiwa wawili tu. Wakwe wasiwepo, na wajukuu wasiwepo pia. Aanze kwa kuuliza: "Mama, siku hizi ukitembea, miguu unaionaje?" Halafu anyamaze. Wazee wengi wana la kusema na hakuna aliyewahi kuwauliza. Baada ya hapo amweleze kilichoonekana, kwa maneno ya kutembea: "Simu imeona hatua zako zimefupika na mwendo umepungua." Neno kuanguka si lazima litajwe hapo, yeye mwenyewe atalitaja. La mwisho, na lisikose: "Hili hurekebishika, na tunaanza kesho." Habari ya hatari isiyokuja na kazi ya kufanya ni kumtisha mtu mzima na kumwacha na hofu yake.

Na kazi yenyewe ipo. Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand, miaka ya 1990, walitengeneza mazoezi ya wazee ya kufanyia nyumbani: kuimarisha miguu na mizani mara tatu kwa wiki, na kutembea angalau mara mbili. Walioyafuata waliporomoka mara chache zaidi, tofauti ya kama asilimia 35. Majaribio mengi ya mazoezi ya namna mbalimbali yalipokusanywa pamoja na kuhesabiwa upya mwaka 2019, upungufu ulikuwa asilimia 23. Hakuna dawa ya kuanguka ninayoijua inayofika hapo. Mama aanze na haya: kuinuka kitini na kuketi bila kusukuma kwa mikono, kama anaweza, mara kumi, kusimama kwa vidole ameshika meza, kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, ukuta ukiwa karibu na mkono wake. Dada yako afanye naye, asiwe msimamizi.

Wewe nawe ukipata ujumbe mwingine, mpigie mama. Umsalimie, umuulize hali na habari za jirani, ndipo uyalete ya simu.

Mimi ni mstaafu wa reli, miaka 74, naishi Korogwe. Wajukuu wamenivalisha saa. Juzi niko barazani na wenzangu tunacheza dhumna, saa ikatetemeka ikauliza kama nimeanguka! Sasa wananiita Mzee Alamu. Wanangu wako Dar, wanasema saa inawapelekea kila kitu. Nimetembea usiku juu ya mataruma ujana wangu wote bila kushikwa mkono, leo nilindwe na saa? Nataka kuivua. Nieleze kama nina haki.
*Mzee wa Reli, Korogwe*

Shikamoo mzee wangu. Haki unayo kamili. Mkono ni wako. Lakini nisikilize kidogo kabla hujaivua.

Kwanza hilo la dhumna. Saa za namna hii hazioni kitu, zinahisi tu. Zinangoja mambo matatu yafuatane: mkono ushuke ghafla kama kitu kilichoachiwa, upige kwa kishindo, halafu utulie. Mtu anayeanguka hufanya hivyo hasa. Na mzee anayefunga mchezo kwa dabali sita je? Anainua mkono, anaushusha, meza inalia, halafu anatulia kuwatazama wenzake wakiumia. Iulize saa yako: imevaliwa mkono upi? Kama ni huo wa kupigia, ihamishie wa pili, na mjukuu akubadilishie na mpangilio ndani yake. Mkiwa mnacheza, hakuna ubaya kuivua ukaiweka mfukoni. Wenzako wako hapo, ukianguka watakuona.

La pili ndilo kubwa. "Inawapelekea kila kitu" si jibu la kumpa mzazi. Waite, au wapigie, wakueleze kimoja kimoja: wanapata nini? Hatua zako? Mapigo ya moyo? Mahali ulipo? Ukitaka mimi nikushauri, ningeruhusu kitu kimoja: ukianguka usiinuke, wapate habari na mahali ulipo. Idadi ya hatua zako za kwenda kwa shangazi ni siri yako. Saa nyingi huruhusu kufunga hiki na kuacha kile. Na wa kwanza kupigiwa asiwe wa Dar. Mtu wa Dar atafanya nini na wewe uko chini Korogwe? Awe jirani mwenye simu inayoshika chaji, na awe ameulizwa akakubali.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo lililoonekana Cambridge, Uingereza, katika utafiti uliotoka mwaka 2008. Watu 110 waliopita miaka 90 walifuatiliwa mwaka mzima. Wengi walianguka, na kati ya walioanguka wengi walishindwa kuinuka peke yao angalau mara moja. Wengine walilala sakafuni saa nzima na zaidi. Na ajabu ni kwamba wengi walikuwa na kitufe cha kuitia msaada na hawakukibonyeza. Kitufe kinataka mtu akubali kwamba ameshindwa. Saa inayojipigia yenyewe haingoji kukubali kwako, ndiyo faida yake, na ndiyo inayokukera. Kulala chini muda mrefu ni hatari yenyewe, hata kama hakuna mfupa uliovunjika: misuli inaumia kwa kukandamizwa, baridi inaingia, maji yanapungua mwilini.

Basi tufanye makubaliano ya watu wazima. Jibu maswali haya matatu, na usimjibu mtu yeyote, jijibu mwenyewe. Mwaka huu umewahi kuanguka, hata ukajikung'uta ukaendelea? Ukisimama au ukitembea, huhisi kama unayumba? Una wasiwasi wa kuanguka? Kama yote ni hapana, vua saa yako na uwaambie wanao nimekubali. Kama kuna ndiyo moja, ivae usiku na ukiwa peke yako, na nenda kituo cha afya ukaangaliwe.

Na saa au pasipo saa, jifunze kuinuka kutoka chini. Wafundishe na wa dhumna. Usikurupuke. Tulia, pumua, jikague kama kuna panapouma sana. Kama hakuna, jigeuze ubavu, jiinue kwa kiwiko, upige magoti na mikono chini. Tambaa mpaka kwenye kitu kizito, kitanda au kiti cha mninga. Weka mikono juu yake, tanguliza mguu wenye nguvu, sukuma, kisha geuka uketi. Ukae hapo dakika kadhaa kabla ya kusimama. Kama nyonga inauma na mguu umegeukia nje au umekuwa mfupi, usijaribu kuinuka. Piga kelele, gonga kitu, vuta kanga au shuka ujifunike, usubiri watu.

Dada, nimeona saa Kariakoo, mwenye duka anasema inapima presha, sukari, na ikigundua mzee ameanguka inapiga simu. Anauza elfu thelathini na tano. Nichukue kwa ajili ya baba?
*Mnunuzi, Tabata*

Acha.

Ya sukari: hakuna saa ya bei hiyo inayosoma sukari ya damu kwa kugusa ngozi tu, na mzee wa kisukari akiamini namba hiyo anaweza kukosea dawa. Ya presha, endelea na mashine ya kufunga mkononi. Ya kuanguka ipo kweli katika baadhi ya saa za Apple (walianza 2018, toleo la nne), za Samsung na za Google, na bei zake si hizo. Hata hizo, nyingi zinategemea simu iliyo karibu au laini ndani ya saa yenyewe. Simu ikiwa imezimika au haina mtandao, saa itajua baba ameanguka na haitakuwa na wa kumwambia. Ukitaka kununua, muulize mwenye duka akuonyeshe kwa macho mahali pa kuandika namba ya jirani. Akianza kuzungukazunguka, mshukuru uondoke. Na usimwache akuonyeshe kwa kuitupa saa juu ya meza, maana kuitupa saa si sawa na mtu kuanguka.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, Muheza. Wazee wangu hawana saa wala simu janja. Nikiwaambia wako hatarini kuanguka wanacheka, wanasema ni mipango ya Mungu. Nitawaonyeshaje kitu ambacho hakionekani?
*Mhudumu, Muheza*

Barua yako nimeisoma kwa furaha, kwa kuwa unachokitaka unacho tayari. Saa inakadiria kwa mbali kitu ambacho wewe unaweza kukiona kwa macho, ukiwa umekaa uani na kiti kimoja.

Tafuta kiti cha mbao chenye mgongo. Hivi vya plastiki vinavyoteleza viache, na hicho cha mbao ukiegemeze ukutani. Pima mita tatu, weka alama. Mzee aketi, na ukisema twende ainuke, atembee kwa mwendo wake wa kawaida mpaka kwenye alama, ageuke, arudi, aketi. Kama anatembelea mkongojo, autumie. Wewe shika muda kwa simu yako ya tochi. Sekunde 12 au zaidi, mzee huyo anahitaji kufuatiliwa. Kisha asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kwa vidole, wewe ukiwa karibu wa kumdaka. Akishindwa kufika sekunde 10, andika. Kama una mashine ya presha, mpime amelala dakika tano, kisha mpime amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hapo pana sababu ya kizunguzungu cha alfajiri, na aende na dawa zake zote kwenye mfuko kwa daktari.

Jaribu na hili, halina gharama. Tembea naye ukizungumza. Watafiti wa Sweden waliandika mwaka 1997 kwamba wazee ambao husimama kwanza ndipo wajibu wanapozungumzishwa njiani, ndio walioanguka zaidi baadaye. Kutembea kumekuwa kazi inayotaka akili yote. Ndiyo maana pia siwapendi sana hawa wanaotaka saa imtetemeshe mzee akiwa katikati ya hatua kumwonya kwamba anayumba. Atatazama mkono na kuacha kutazama njia. Ujumbe wa mwendo usomwe mtu ameketi.

Sasa la kuwaonyesha. Usimpe mzee matokeo, mwache ayapate mwenyewe. Mpe simu ashike muda wa mwenzake, wabadilishane, wahesabu kwa sauti. Sekunde 15 alizozihesabu jirani yake barazani zina nguvu kuliko maneno yako kumi. Andika namba na tarehe kwenye karatasi abaki nayo. Rudi baada ya majuma manane ya mazoezi, mpime tena kwenye kiti kilekile. Akishuka kutoka 15 mpaka 13, utaona atakavyokwenda kuwaambia wengine, na hapo umeshapata mwalimu wa kijiji.

Ukitaja hesabu za watu, usiseme asilimia. Sema hivi: kati ya wazee kumi waliopita miaka 65, watatu hivi huanguka kila mwaka. Onyesha kwa vidole, au kwa watu waliokaa hapo. Shirika la Afya Duniani ndilo lenye makadirio hayo. Hilohilo linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya 80 kati ya kila 100 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Namba hii usimpe mzee, itamtisha bure. Mpe mganga mfawidhi wako siku akikuambia kuanguka si ugonjwa.

Na hilo la mipango ya Mungu, usibishane nalo. Mzee wa aina hiyo ukimwomba akufundishie wenzake kufunga ngamia kwanza ndipo wamtegemee Mungu, atakubali.

Naishi na bibi Majengo, Mombasa. Shangazi aliye Marekani alimletea saa nzuri. Bibi akaanguka usiku akienda chooni, na saa ilikuwa kwenye chaji. Namshukuru Mungu ni mchubuko tu. Lakini shangazi amenigombeza kwa nini saa ilikuwa kwenye chaji. Sasa hata kulala siwezi.
*Mjukuu, Majengo*

Pole sana mwanangu, na bibi mpe pole zangu. Mwambie shangazi, kwa adabu, kwamba saa isingemzuia bibi kuanguka. Ingemjulisha yeye Marekani baada ya kuanguka, na wewe uliyekuwa chumba cha pili ungekuwa umeshafika.

Chaji ni jambo la ratiba. Tafuta wakati ambao bibi amekaa na watu na hana haraka ya kwenda popote, kwa mfano baada ya alasiri akiwa anachambua mchicha au anatazama tamthilia. Ichajiwe hapo, ivaliwe kabla ya magharibi, ilale naye. Kama ina kamba ya mpira na mkono unamwasha, badilisheni kamba iwe ya kitambaa.

Lakini barua yako imenipa mengine ambayo saa haiyajui. Alikwenda chooni mara ngapi usiku huo? Kama anaamka mara tatu, nne, daktari aulizwe kuhusu sukari, mkojo, na kama anameza dawa ya presha ya kukojoza jioni, iwapo inaweza kuhamia asubuhi. Anameza chochote cha kumpa usingizi? Dawa za namna ya diazepam na amitriptyline humfanya mzee ayumbe usiku, na huwa zinaendelea kumezwa miaka hata aliyeziandika kashahama. Usimwachishe wewe. Zipelekwe zionekane.

Aliwasha taa? Wazee wetu hawawashi, wanasema wanawaamsha watoto. Weka taa ndogo ya chaji njiani, ikae imewaka. Miguuni alikuwa na nini? Kandambili zilizolika na sakafu yenye maji ya udhu ndizo zilizoniletea wagonjwa wengi kuliko ngazi zote. Mpatie viatu vya kufunga nyuma, na sakafu ya chooni ipanguswe baada ya kila mtu kutawadha. Mlangoni mwa choo pafungwe chuma cha kushika, fundi wa vyuma wa mtaani anakiweka kwa nusu siku. Kishikizwe ukutani, si kwenye bati.

Na macho. Mtazame bibi mboni: kuna ukungu mweupe? Utafiti wa Nottingham, Uingereza, wa mwaka 2005, ulionyesha kwamba wanawake wazee waliofanyiwa mapema upasuaji wa mtoto wa jicho kwenye jicho la kwanza walianguka pungufu kwa asilimia 34 kuliko waliokuwa wanangoja zamu.

Wewe lala. Uwe umeweka tu mlango wako wazi.

Nimesikia kuna mkanda unaovaliwa kiunoni, mzee akianguka unatoa puto la hewa kama gari. Unapatikana? Unafaa?
*Mdadisi, Moshi*

Upo, unauzwa Ulaya na Marekani. Vihisio vyake hujaribu kutambua kwamba mtu yuko njiani kuelekea chini, na puto hujaa pembeni mwa nyonga kabla hajafika. Tanga sijamwona mtu aliyeuvaa. Ni ghali, unataka chaji kama saa, na puto likishajaa kuna la kubadilisha au kujaza upya, na vipuri huku hakuna. Halafu unalinda nyonga peke yake. Kichwa na kifundo cha mkono vinabaki kama vilivyokuwa.

Ukiwa na fedha ya mkanda huo na mzazi wako ana ukungu machoni, mpeleke kwanza hospitali ya KCMC hapo kwenu akatazamwe macho. Chenji itakayobaki nunua viatu.